Kwako Baba Mizani: Mheshimiwa Ameondoka Zizini

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile moyo wako uliposimama kwenye lango la zizi la chini, saa tatu, kopo la mahindi likiwa bado mkononi. Kondoo walikuwa wameshakuzunguka wakisubiri ulitikise. Mama ndiye aliyekukuta, na anasema hata kofia haikuwa imekutoka kichwani.

Anayeandika ni mimi, Wakili wako. Kaka aliniambia tangazo la kumbukumbu ni picha moja na mistari kumi, basi. Nikamwambia aandike la kwake. Mimi nina mengi ya kukuambia, na mengine nataka watu wayasikie wakati nakuambia wewe, hasa wale wanaokuja kwetu kila mwaka kuchukua madume wa mbegu. Wavumilie. Mwenye haraka, picha yako iko hapo juu, akutazame aende zake.

Jina la Wakili ulinipa wewe nikiwa na miaka sita, siku niliyokataa katakata kwamba mwana-kondoo wangu amepungua uzito. Nilibisha mpaka ukampima mara tatu. Alikuwa amepungua kweli, lakini jina likabaki.

Kwa wasiokujua, ulikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Siku ghala lilipofungwa, wenzako waliondoka na cheti cha shukrani na kupeana mikono. Wewe ukaomba mizani. Ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale mmoja. Ulirudi nyumbani umeibeba begani, Mama akakuuliza sasa mtapima nini na hamna hata gunia. Ukamwambia, "Kitapatikana." Ukaitundika kwenye boriti ya banda, na kabla mwaka haujaisha palikuwa na kondoo majike sita chini yake, wembamba mpaka mbavu zinahesabika. Ndipo watu wakaanza kukuita Mizani, na wewe ukaitika.

"Kufuga wanafuga wengi," ulikuwa unasema. "Sisi tunatengeneza." Kila mwana-kondoo alipimwa siku ya mia tangu azaliwe, si ya tisini na nane, si ya mia na mbili. Mvua inyeshe, mgeni awepo, mtu aumwe, siku ya mia ilikuwa siku ya mia. Ulimfunga mkanda wa turubai tumboni, ukamning'iniza, ukasubiri atulie, ukasoma. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini, akaandika: namba ya hereni ya sikioni, namba ya mama, namba ya baba, kilo. Miaka ishirini na sita, wewe unasoma, yeye anaandika. Mlikuwa mkinuniana, na mlijua kununiana nyie wawili, hata wiki nzima inapita. Lakini siku ya mia mlizungumza, maana kilo haziandikwi kwa ishara.

Mwana-kondoo wetu wa kwanza alikuwa na kilo kumi na sita. Ulichukua rangi ya kucha ya Shangazi bila kumwomba, ukapaka alama nyekundu kwenye uso wa mizani, pale kwenye ishirini, ukasema dume asiyefika hapo hazai. Miaka ikapita, ukaikwangua, ukaiweka ishirini na tano. Mwisho ukaiweka thelathini, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Majike nao uliwahukumu kwa watoto wao. Aliyezaa pacha akawalea wote wawili mpaka kwenye alama alibaki. Aliyezaa mmoja akamsahau kichakani alikwenda, hata awe mrembo namna gani. "Uzuri wake tutaupeleka wapi?" ulikuwa unamuuliza Mama, na Mama akapiga mstari juu ya namba yake.

Ulipima kila kitu. Ulipima maboga, mabegi ya wageni, watoto wa majirani. Sisi ulitupima kila shule ilipofungwa, kwenye mkanda ule ule wenye harufu ya manyoya mabichi, na Mama akatuandika nyuma ya daftari. Nilipomleta mume wangu kwa mara ya kwanza ulimzunguka mara mbili kimya kimya. Ukamtazama miguu kwanza, halafu mabega, halafu ukamwomba acheke uone meno. Kisha ukaniambia, yeye akiwa amesimama hapo hapo, "Kwato safi. Mengine tutayajua siku ya mia." Mpaka leo akikosea jambo nyumbani namkumbusha kwamba hajawahi kupanda mizani.

Na kila mwaka, Jumamosi moja, wafugaji walikuja kutoka kila upande kuchagua madume. Tuliiita Siku ya Karatasi, kwa sababu hakuna dume aliyetoka langoni bila karatasi yake: baba yake nani, mama yake nani, alizaliwa mmoja au pacha, kilo ngapi siku ya mia. Kuna bwana mmoja aliwahi kukuambia yeye karatasi hana haja nazo, anamtaka yule mwenye shingo nene. Ulimrudisha mikono mitupu. Mwaka uliofuata alirudi, akapanga foleni kama wenzake, na karatasi aliisoma mpaka nyuma ambako hakukuwa na kitu.

Ulikuwa na sheria mbili ambazo hata mimi sikuthubutu kuzibishia. Ya kwanza, mnyama wa mbegu hapewi jina, anapewa namba, kwa sababu ukishampa jina hutamtoa. Ya pili, dume hakai kwetu zaidi ya misimu miwili. Msimu wa tatu binti zake wa kwanza wameshakomaa, na ukimwacha kundini atawapanda, yeye hana habari kama ni watoto wake. Ndiyo maana ulikuwa na makubaliano na yule mfugaji wa ng'ambo ya mto. Kila baada ya misimu miwili mlibadilishana madume, wa kwako akaenda kwake, wa kwake akaja kwako.

Halafu akazaliwa Mheshimiwa.

Alikuwa wa tatu kati ya watatu, na mama yake ana chuchu mbili kama kondoo wote. Ulimweka ndani ya sweta lako, kichwa kikitokea kwenye ukosi, ukatembea naye siku nne nzima. Ukamnyonyesha kwa chupa jikoni huku Mama akilalamika kwamba sufuria zake zinanuka zizi. Siku ya kwanza aliyosimama vizuri alitoka nje kifua mbele, akapita katikati ya majike bila kumtazama mtu, akasimama palipoinuka kana kwamba anasubiri kipaza sauti. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mheshimiwa amefika," ukasema.

"Baba," nilikuambia, "umempa jina."

"Hicho ni cheo, Wakili. Jina hana. Namba yake ni themanini na saba."

Siku yake ya mia mshale ulipita alama nyekundu ukaendelea. Ukasoma. Mama akakuambia usome vizuri. Ukamshusha, ukampandisha tena, ukasoma tena: thelathini na nane. Hakuna mwana-kondoo wetu aliyewahi kufika hapo, wala hajafika mwingine. Mama aliandika polepole, kisha akaifunika ile tarakimu kwa kiganja chake kama mtu anayelinda mshumaa, na wewe ukatoka nje ukajifanya unakagua uzio.

Alikuwa mkaidi yule. Waliosema kufa kikondoo hawakuwahi kumkata Mheshimiwa kwato. Lakini kopo lako alilijua. Ungeweza kuwa upande wa pili wa malisho, ukatikisa mara mbili, akaja mbio na kundi zima nyuma yake. Alizaa vizuri misimu miwili, kama ulivyotaka. Ukampigia simu mwenzako wa ng'ambo ya mto mkapanga siku. Ulipoweka simu, nakumbuka, ulisema, "Haya, ndiyo kazi." Siku yenyewe hukuiona.

Sasa hapa ndipo yanapoanza niliyokuja kukuambia.

Wiki mbili baada ya kukuzika, yule bwana alikuja na pikapu yake, dume wake mgeni nyuma, kama mlivyokubaliana. Alikuja kwa adabu, akatoa pole upya, akaeleza kwamba anatimiza neno lako. Mama alitoka akasimama langoni, kanga imefungwa kiunoni, mikono miwili juu ya komeo.

"Nimeshatoa mmoja mwezi huu," alimwambia. "Sitoi wa pili."

Yule bwana alivua kofia, akatutazama mimi na Kaka. Tulitazama chini. Akageuza gari na dume wake akarudi naye. Nani angembishia Mama siku ile? Hata leo nikiambiwa nirudie, sijui ningepata wapi sauti.

Mheshimiwa akabaki. Kila siku saa tatu alisimama kwenye lango la zizi la chini akisubiri kopo. Kopo tulilitundika kwenye msumari wa mlango wa stoo, na hakuna aliyeligusa. Mama alikuwa anampelekea mahindi kwenye kiganja, anamshika masikio, anamwambia mambo. Sikujisogeza kusikiliza. Daftari alikuwa ameliacha. Nilipomwomba aje aandike, aliniambia hana msomaji.

Mwezi wa kupandisha ulipofika, kundi lilikuwa mikononi mwangu. Daftari lilikuwa mezani kwangu, Baba, na humo kulikuwa na binti kumi wa Mheshimiwa waliokomaa. Niliwajua kwa namba na kwa sura. Banda la juu lilikuwa tupu. Kuwatenga ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini ningewatenga, Mama angeuliza kwa nini, na kumjibu ilikuwa sawasawa na kumwambia dume wako amekaa kupita muda wake. Moyo huo sikuwa nao. Na nikiamua kusema niseme yote: hata mimi nilitaka abaki. Nikimwona amesimama pale palipoinuka, nilikuwa namtafuta mtu wa nyuma yake. Basi nikafungua malango yote. Mkono uliofungua ni huu unaoandika.

Miezi mitano baadaye wakazaliwa. Majike wengine walijifungua kama kawaida. Wale binti kumi walizaa wana-kondoo kumi na watatu, na wa pili kuzaliwa taya la chini lilikuwa fupi kuliko la juu, hawezi kushika chuchu. Nilimkamulia, nikamlisha kwa chupa jikoni kama ulivyomlisha babu yake, ambaye ndiye huyo huyo baba yake. Siku ya tisa akafa. Daktari wa mifugo alimwinua mdomo, akamrudisha chini taratibu, akaniambia, "Mnajua wenyewe kilichofanyika." Nikamjibu ndiyo, tunajua. Nilimficha Mama lile taya. Nikamwambia ni homa.

Siku ya mia ikaja, nikapima peke yangu. Nasoma mwenyewe, naandika mwenyewe, daftari juu ya ndoo. Watoto wa majike wengine wakapita alama bila tabu: thelathini na moja, thelathini na tatu, pacha wa thelathini thelathini. Nikaja kwa wale kumi na wawili waliobaki. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Wanane kwa jumla mshale haukufika kwenye alama. Lakini wanne, Baba, madume wote wanne, walifika. Mmoja alipiga thelathini na mbili. Shingo nene, mgongo bapa, kifua mbele. Ukimwona huwezi kujua kitu. Mizani haikuwakataa. Kilichowakataa ni ile safu ya mama na safu ya baba, na mimi niliandika kilo zao tu, safu zile mbili nikaziacha wazi. Wakili mzima, nikapiga kimya.

Jumapili Kaka akaja. Wasiojua wajue kwamba yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na zizi letu halina lango ambalo hakulitengeneza. Tulikuwa stoo tunaandaa karatasi za wateja. Akaona nafasi zilizo wazi.

"Hizi unasubiri nini kuzijaza?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika ile kalamu, akiizungusha.

"Basi waandikie mama wengine," alisema. "Majike wapo tele. Nani atakwenda kumuuliza kondoo?"

"Na wakienda kuzaa vilema huko kwa watu?"

"Umesema kilema ni mmoja tu."

"Mmoja aliyeonekana. Wengine wamebeba ndani."

"Wakili, sikiliza. Jina la mzee ni hizi karatasi. Mwaka wa kwanza tu hayupo, tuwaambie watu tumeharibu? Nani atarudi tena hapa?" Akaiweka kalamu chini. "Sitaki waseme Mizani alikufa na kundi lake."

Usimkasirikie, Baba. Alikuwa analia akisema hivyo, na Kaka unamjua, hata siku ya mazishi alishughulika na viti. Mimi nilimpandishia sauti. Nilimwambia maneno makali kuliko aliyostahili, kwa sababu alikuwa ametamka kile ambacho mimi nilikuwa nimekiacha wazi kwa siku tatu nikikitazama. Tulikuwa tunapigiana kelele mbele ya magunia yako wakati Mama aliposimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Alikwenda mpaka kwenye banda, akaipindua ile ndoo vizuri, akakaa. Sisi tukamfuata kama watoto walioitwa.

"Lete daftari," alisema. Nikampa. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Mwandiko mbaya. Soma."

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Soma, mwanangu."

Nikasoma namba ya hereni ya wa kwanza na kilo zake. Akaniuliza mama yake nani. Nikasema mia na kumi na nne. "Pacha wa mia na kumi na tano," alisema bila kuinua kichwa, "aliyezaliwa siku Kaka yako alipojichoma kidole." Akaandika. "Na baba wa mia na kumi na nne?"

Nikamtazama Kaka. Kaka akatazama boriti.

"Themanini na saba," Mama akajijibu, akaandika. "Na huyu wa leo, baba yake?"

Mwaka mzima hakuna aliyeitaja namba ile. Tulikuwa tumeshasahau kwamba anayo. "Themanini na saba," akajijibu tena, akaandika chini yake.

Tulifanya hivyo mara kumi na mbili. Nikadhani tumemaliza, akauliza, "Na yule wa homa?" Nikamwambia kuhusu taya. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua. Akamwandika na yeye, mama yake, baba yake, na mahali pa kilo akaandika neno moja: *taya*. Kisha akapiga mstari juu ya wote kumi na watatu, kwa rula, kama mlivyokuwa mnafanya mkimwondoa mnyama kwenye mbegu.

"Aliyemzuia ni mimi," alisema akifunga daftari. "Watu wakiuliza, waambieni ni mimi. Baba yenu hahusiki."

"Lango nilifungua mimi," nikasema.

"Basi waambie ni sisi wawili." Akamgeukia Kaka. "Na wewe, badala ya kulia, mpigie simu yule bwana wa ng'ambo ya mto. Muulize kama bado ana dume."

Alikuwa bado anaye. Alisema alijua tutapiga, ila hakujua ni lini, na hakutaka kutuharakisha.

Alikuja Jumanne iliyopita, akashusha dume wake. Mheshimiwa akagoma, kama tulivyotarajia. Kaka alimsukuma nyuma, mume wangu akavuta mbele, wakaishia wote wawili kwenye tope, na Mheshimiwa akasimama juu yao akitazama mbali. Yule bwana akaleta kamba. Mama akamwambia aiweke. Akaenda kwenye mlango wa stoo, akalitoa kopo kwenye msumari, akalipangusa vumbi kwa kanga, akatia mahindi. Likalia mara mbili.

Baba, alikwenda mwenyewe. Alipanda ule ubao wa pikapu kwato kwa kwato, akaingia, akageuka, akaweka kichwa juu ya ukingo. Mama alimwaga mahindi yote mbele yake. Akamshika masikio, akamwambia kitu, na safari hii nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia, "Huko huna binti hata mmoja. Kafanye kazi." Gari likaondoka. Mama hakulia mpaka lilipopita daraja, kisha akalia sana, tukamwacha alie, na mimi nikalia naye, kwa ajili yako na si kwa ajili ya kondoo, ingawa wakati ule ilikuwa vigumu kutenganisha.

Basi wateja wa Mizani, mliofika mpaka hapa, hili ndilo la kwenu. Siku ya Karatasi iko pale pale, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Mlizoea madume kumi na manane; mwaka huu mtakuta kumi na manne. Mkiona wanne wamefungiwa banda la juu, shingo nene, kilo nzuri, msiwaulizie. Hao na ndugu zao ni wa mchinjaji. Baba yao na babu yao ni mmoja, kosa ni letu, na hawatazaa kwetu wala kwa mtu mwingine. Mwenye kuona tumeharibu asije, hatutamlaumu. Atakayekuja atapewa karatasi iliyojazwa safu zote, kwa mwandiko ule mliouzoea.

Na wewe, Baba, usihangaike. Hatuuzi kundi. Kuna waliokuja kuliulizia, na mmoja alisema mwanamke ataliweza wapi. Nilimwambia apande mizani kwanza ndiyo tuongee. Alama nyekundu hatujaishusha wala hatutaishusha. Nimeshamwomba Shangazi rangi ya kucha, kwa adabu safari hii, kwa sababu nikiangalia watoto wa majike wale wengine naona thelathini na mbili haiko mbali. Itachukua misimu minne, labda mitano. Tutafika.

Dume mgeni ametulia. Ana mgongo mrefu na tabia ya kukwaruza pembe kwenye geti jipya la Kaka. Kopo amelijua kwa siku tatu tu. Mama ndiye anayelitikisa sasa, kila siku saa tatu, kwenye lango la zizi la chini. Juzi Shangazi alikuja kumwona akauliza tumempa jina gani. Mama akamwambia mia mbili na tatu. Shangazi akasema hilo si jina. Mama akafungua daftari akamwonyesha: namba, baba, mama, kilo, na mwisho kabisa wa mstari, kwa wino wa bluu, tarehe atakayoondoka.

Wanaokukumbuka ni Mama, anayeandika, mimi Wakili wako, ninayesoma, Kaka, na mageti yake, mkwe wako, ambaye Jumamosi ijayo atapanda mizani atake asitake, Shangazi, wajukuu zako wawili, kilo kumi na tisa na kilo ishirini na tatu, na rafiki yako wa ng'ambo ya mto, aliyetusubiri.

Mvua inyeshe, mgeni awepo, mtu aumwe, Baba, kila siku ya mia tutakukumbuka.